Bei ya Utulivu: Dawa za Wasiwasi na Jina Linalouzwa

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumetakiwa tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulificha, nalo ni maradhi ya wasiwasi na bei ya dawa zake. Maradhi yenyewe watu huyaonea haya, na ufukara nao watu huuonea haya. Basi mwenye kuyaficha yote mawili hulipa kila anachotajiwa dukani, wala hathubutu kuuliza. Sisi twasema kuuliza ni haki yake.

Natuanze na khabari iliyothibitishwa. Mwaka 1960 kampuni ya Hoffmann-La Roche, ya mji wa Basel katika Uswisi, ilileta sokoni dawa ya kutuliza wasiwasi iitwayo Librium, na mwaka 1963 ikaleta Valium. Zilivumbuliwa na mkemia Leo Sternbach katika maabara ya kampuni hiyo huko New Jersey, Marekani. Hatuudharau uvumbuzi huo, kwani umewafaa watu wengi. Lakini kampuni ilikuwa na hataza, yaani haki ya pekee ya kutengeneza na kuuza, na mwenye kuuza peke yake hujipangia bei peke yake.

Serikali ya Uingereza, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilipia sehemu kubwa ya dawa za raia wake, ililipeleka jambo hilo mbele ya Tume ya Ukiritimba. Ripoti ilitoka mwaka 1973. Tume ilikuta kwamba tawi la kampuni lililokuwa Uingereza lilinunua kiini cha Librium kutoka kwa wakubwa wake kwa pauni 370 kila kilo, na cha Valium kwa pauni 922. Huko Italia, ambako sheria ya wakati ule haikutoa hataza za dawa, vitu hivyo hivyo vilipatikana kwa pauni 9 na pauni 20. Hesabuni wenyewe: zaidi ya mara arubaini!

Tazameni na hila iliyokuwamo. Kampuni ilikuwa ikijiuzia yenyewe, ikitoa mfuko huu na kutia mfuko ule. Vitabu vya hesabu vya Uingereza vikaonyesha faida ndogo, na faida yenyewe imekwisha vuka bahari. Kampuni ilijitetea kwamba utafiti una gharama. Hayo ni kweli, na mtafiti anastahiki ujira wake, lakini Tume iliona bei zimepita mpaka. Serikali ikaamuru Librium isizidi asilimia 40 ya bei yake ya mwaka 1970, na Valium isizidi asilimia 25. Kampuni ikaipinga amri mahakamani. Shauri juu ya utekelezaji wake likafika hadi Baraza la Malodi, na mwaka 1974 kampuni ikashindwa.

Je, ndugu zetu, siku bei ilipoteremka, kidonge kilipungua nguvu? Hata chembe. Kilichopungua ni malipo ya jina.

Hapo ndipo penye faida yetu. Kila dawa ina majina mawili: jina la kiini chake, na jina la biashara. Valium ni jina la biashara. Kiini chake ni diazepamu. Hataza yake katika Marekani ilikwisha mwaka 1985, na leo viwanda vingi duniani huitengeneza. Tena Tanzania, kwa kuwa imo katika daraja ya nchi zenye maendeleo madogo kabisa, hailazimishwi na kanuni za Shirika la Biashara Duniani kulinda hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Basi iko wapi sababu ya mgonjwa wetu kulipia jina?

Kwa hivyo twashauri haya. Kwanza, mwombe daktari aandike jina la kiini. Pili, uliza hospitali ya serikali kama dawa ipo, kabla ya kwenda dukani. Tatu, uliza bei katika maduka mawili au matatu yenye leseni. Nne, muulize daktari kila baada ya muda: je, dawa hii ningali naihitaji? Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu ya mwaka 2023, limeiweka diazepamu kwa wasiwasi mkali wa ghafla na kwa muda mfupi tu. Kwa matibabu ya muda mrefu limetia fluoksetini, nayo hataza yake imekwisha zamani. Na yako matibabu ya mazungumzo na mtu aliyefunzwa, ambayo hayahitaji kidonge.

Lakini tahadharini! Akiba isitafutwe katika afya. Mtu aliyezoea diazepamu asikate dawa ghafla kwa kukosa fedha, kwani huweza kupatwa na kifafa. Daktari ndiye wa kuipunguza kidogo kidogo. Msigawane vidonge nyumba na nyumba, wala msinunue vya mkononi visivyo na karatasi wala tarehe. Rahisi ya namna hiyo ni ghali.

Mwisho, jambo hili si la mgonjwa peke yake. Uingereza haikuokolewa na mnunuzi mmoja aliyebishana dukani. Iliokolewa na tume iliyofungua vitabu, na ripoti iliyotangazwa kwa watu wote. Nasi twadai vivyo hivyo: dawa za umma zinunuliwe kwa jina la kiini, kwa zabuni ya wazi, na bei zibandikwe ukutani ambako kila mtu atazisoma. Wenye kutawala wakiwa hawana la kuficha, hawatachelea kubandika karatasi.

Haba na haba hujaza kibaba. Atakayesikia haya amfikishie asiyekuwapo, khasa yule anayeumwa kimya kimya.