Bunduki ya Serikali Ikipotea: Wajibu wa Kamati za Parokia Mpakani

(Yafuatayo ni maneno ya mada iliyotolewa Murongo, wilayani Kyerwa, katika semina ya wajumbe wa kamati za parokia kutoka Kyerwa na Karagwe. Tumeyachapa karibu yote kwa sababu wajumbe wengi waliomba wakayasome tena na wenzao nyumbani.)



Baadhi yenu mlipoiona mada ya leo kwenye ratiba mliuliza: shirika la kanisa, linaloshughulika na visima, kahawa na vikundi vya kuweka na kukopa, linatafuta nini katika habari za bunduki? Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba kazi hizo zote zinasimama pale hofu inapoingia. Mkulima hawezi kulala kwa amani na fedha za kahawa ndani ikiwa usiku wa jana mlio wa risasi umesikika kijiji cha jirani. Akina mama waliokusanya akiba mwaka mzima hawawezi kugawana kwa utulivu. Mwalimu akihamishiwa huku anatafuta njia ya kuhama. Hasara hiyo haionekani kwenye taarifa zetu za mwaka, lakini nyote mnaijua.

Tena tunakutana Murongo. Hapa Mto Kagera ndio mpaka. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda, na Rwanda haiko mbali. Mto huu umetuletea biashara na undugu, na siku hizi mtambo wa umeme wa Kikagati na Murongo unazihudumia nchi mbili. Lakini mpaka unaopitisha ndizi na ng'ombe hupitisha pia visivyotakiwa.

Leo hatutazungumzia magobore yanayotengenezwa na mafundi wetu wa vijijini. Tunazungumzia bunduki ya askari: ile SMG yenye namba, iliyonunuliwa kwa kodi ya wananchi na kukabidhiwa polisi au mwanajeshi ili atulinde. Hakuna mhunzi wa kijijini anayeweza kuitengeneza. Kwa hiyo ikionekana mkononi mwa jambazi, mara nyingi kuna ghala la serikali fulani ilikotoka, ya kwetu au ya jirani. Bunduki ya namna hiyo ikiibwa huwa inahama tu, na inakohamia ni vijijini.

ZINATOKA WAPI?

Njia ya kwanza ni vita, pale jeshi linaposhindwa na kutawanyika. Wazee wa hapa wanakumbuka Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovamia mkoa wetu wa Kagera. Vita vile viliiangusha Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na sisi tulishangilia. Lakini kaskazini mashariki mwa Uganda, askari wa Amin waliikimbia kambi yao ya Moroto na kuacha ghala la silaha bila mlinzi. Wafugaji wa Karamoja waliingia wakachukua bunduki kwa maelfu. Wizi wa mifugo, ambao zamani ulitumia mikuki, ukawa wa kuua kwa wingi. Zaidi ya miaka 20 baadaye serikali ya Uganda ilikuwa bado inahangaika kuzikusanya.

Upande wetu nao haukupona. Huko Tarime, mkoani Mara, watafiti wameandika jinsi bunduki zilizotokana na vita hivyo zilivyoingia katika wizi wa ng'ombe miaka ya 1980. Ushindi ule ulikuwa wa haki, lakini silaha zake hazikurudi zote ghalani.

Mwaka 1994 ikaja Rwanda. Wakimbizi walifurika Ngara na Karagwe, na wengi wenu mliwapokea, mkagawana nao kuni na maji. Walio wengi walikuwa wanyonge. Lakini jeshi lililoshindwa nalo lilivuka mipaka, hasa kuelekea Goma, na sehemu ya silaha zake ikavuka pamoja nalo. Miaka miwili mitatu baadaye jeshi la Mobutu nalo likasambaratika huko Zaire. Hayo ni maghala ya majeshi matatu katika muda usiozidi miaka 20, na sisi tunaishi katikati yake.

Njia ya pili ni kuvamia vituo vya polisi. Usiku wa Septemba 2014 majambazi walivamia kituo cha polisi cha Ushirombo, wilayani Bukombe, wakaua askari 2 na kupora bunduki. Ushirombo iko kwenye njia wanayopita abiria wetu kwenda Kahama na Dar es Salaam. Januari 2015 ikawa Ikwiriri, wilayani Rufiji: askari 2 wakauawa, silaha zikachukuliwa. Usiku wa tarehe 12 Julai 2015 ikawa Stakishari, jijini Dar es Salaam, ambako watu 7 waliuawa, wakiwamo askari 4. Aprili 2017, huko Kibiti, askari 8 waliokuwa kwenye gari wakirudi kutoka kazini walishambuliwa na kuuawa, na silaha zao zikaporwa.

Katika matukio hayo bunduki ndiyo iliyotafutwa. Askari aliuawa kwa sababu alikuwa anailinda. Tunawaomba mliweke hilo moyoni, kwa sababu vijijini tumezoea kumtazama askari kama mtu wa kutukamata tu. Yeye pia ana mke, ana watoto, na wengine ni waumini wa parokia hizi.

Njia ya tatu inasemwa kwa sauti ya chini: uzembe na biashara. Bunduki haina kazi bila risasi, na risasi hazitengenezwi jikoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu Turkana Kaskazini, nchini Kenya, ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia ilitoka kiwanda cha serikali yao wenyewe na kupitia vyombo vya dola. Hatusemi hivyo ili kuwachafua askari. Tunasema ili tuelewe kwamba ghala linaweza kuvuja hata bila kuvunjwa mlango.

ZINAPOFIKA KWETU

Hatuna haja ya kuwaeleza mengi, kwa maana mmeyaona. Kwa miaka mingi mabasi ya mkoa huu yalipita katika mapori ya Biharamulo na Kimisi yakisindikizwa na askari wenye silaha. Mfanyabiashara alipandisha bei ya sabuni na chumvi kwa sababu ya hatari ya njiani, na aliyelipa ni mama wa kijijini.

Kisha ukaja mwaka 2013. Julai, akiwa ziarani mkoani Kagera, Rais Jakaya Kikwete alitoa wiki 2 kwa wenye silaha haramu kuzisalimisha, na kwa waishio nchini bila kibali kuondoka au kuhalalisha ukaazi wao. Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Ujambazi ulipungua, na tunashukuru. Lakini tuseme ukweli wote: wenye bunduki walikuwa wachache, na walioguswa na operesheni walikuwa maelfu. Kuna nyumba ambamo mume alibaki na mke akaondoka. Kuna waliokaa hapa miongo mingi wakavushwa mpaka bila ng'ombe wao.

Hapo ndipo tunapotaka kamati zitafakari. Bunduki chache zinapofichwa kwa muda mrefu, siku ya kutafutwa kwake haichagui mlango. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio hicho kinawaangukia hata wasioficha kitu.

KWA NINI WATU HUNYAMAZA?

Ni rahisi kusema kwenye mimbari: "Anayejua iliko silaha aseme." Lakini tuwasikilize wanaonyamaza, kwa sababu wana sababu zao. Katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, miaka ya 2016 na 2017, waliouawa mmoja baada ya mwingine walikuwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na viongozi wengine wa mitaani, watu kama nyinyi mlioketi hapa. Mwananchi anayeogopa kusema si lazima awe mhalifu.

Yuko pia anayeogopa upande wa pili. Anajiuliza: nikipeleka habari, si nitaambiwa bunduki ni yangu? Nikiiokota shambani na kuipeleka kituoni, si nitalala ndani? Basi anaifukia, au anaitupa mtoni, au anamwachia kijana aliyeiona naye. Siku chache baada ya Stakishari, bunduki zaidi ya 10 zilikutwa zimefukiwa ardhini wilayani Mkuranga. Ardhi ya kijiji chochote inaweza kuficha kitu cha namna hiyo. Swali ni kama kijiji hicho kina mtu wa kuaminika wa kuambiwa.

Karamoja inatufundisha jambo jingine. Serikali ilipokusanya silaha mwaka 2001 na 2002, baadhi ya jamii zilizotoa bunduki zao zilivamiwa na majirani ambao hawakutoa. Wakarudi kutafuta nyingine. Mtu hukubali kuachana na silaha anapoona kwamba jirani yake naye ameachana nayo, na kwamba dola itamlinda wote wawili. Kwetu sisi jirani huyo yuko pia ng'ambo ya mto. Kwa hiyo parokia za huku na za Kikagati hazina budi kuzungumza.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kamati isiguse silaha. Mtu akiwaletea habari ya bunduki, msimwambie ailete, na msiihifadhi kanisani wala nyumbani kwa katekista hata kwa usiku mmoja. Mtoto asiisogelee. Pawekwe mtu wa kuangalia kwa mbali, na taarifa iende polisi.

Pili, taarifa isibebwe na mtu mmoja. Kila kamati iteue watu 3, akiwamo mama mmoja, ambao padre au mchungaji anawafahamu. Wakipokea habari waifikishe pamoja kwa mkuu wa kituo, au ngazi ya wilaya ikiwa hawana imani na kituo cha karibu. Jina la aliyewaambia lisitajwe kanisani, kilabuni wala katika mkutano wa kijiji. Likivuja mara moja, hakuna atakayesema tena.

Tatu, mtumie nyakati za msamaha. Mwaka 2022 serikali ilitoa miezi 2, Septemba na Oktoba, ya kusalimisha silaha haramu kwa hiari bila kushtakiwa. Tangazo la namna hiyo likitolewa tena, lisomwe Jumapili zote, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, na kamati iwe tayari kumsindikiza anayeogopa kwenda peke yake. Kipindi hicho kikiisha bila kutumiwa, kinachofuata huwa ni msako.

Nne, tuwe na ujasiri wa kuidai serikali kwa heshima. Nchi za kanda yetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004, na moja ya ahadi zake ni kuweka alama na kumbukumbu za silaha za serikali yenyewe, si za raia tu. Basi mjumbe akikutana na viongozi wa wilaya ana haki ya kuuliza bila ugomvi: kituo chetu kina askari wangapi usiku? Kina taa na uzio? Silaha zinahesabiwa kila zamu inapobadilishana? Kituo chenye askari 2 na bunduki nyingi ni kishawishi kwa majambazi na ni hatari kwa askari hao 2. Kumwombea askari ni vema, lakini pia tumsemee apate taa na mwenzake wa zamu.

Tano, vijana wetu wasigeuzwe jeshi. Ulinzi wa jadi una nafasi yake, lakini kundi la vijana wenye fimbo likitumwa kukabili SMG, tutazika watoto wetu. Na mtuhumiwa asipigwe wala kuchomwa. Akiuawa, siri ya bunduki ilikotoka inazikwa naye.

KWA WAFADHILI WETU

Mmetuuliza kama fedha zenu zinaweza kutumika kununua bunduki ili ziondoke mitaani. Tunashukuru kwa nia hiyo, lakini tunasema hapana. Bunduki ikiwekewa bei, kesho italetwa nyingine kutoka ng'ambo kwa ajili ya bei hiyo hiyo, na huenda askari akavamiwa ili ipatikane. Tusaidieni kwa mambo ya polepole: semina kama hii, nauli ya wajumbe wetu kukutana na wenzao wa Kikagati, na mitaji midogo ya vijana wasio na shamba wala kazi. Kijana mwenye mizinga ya nyuki au shamba la vanila ana kitu cha kupoteza, na si rahisi kumkodisha kwa usiku mmoja.

Hatuwaahidi kwamba tutawaletea picha ya rundo la bunduki zilizokusanywa. Matunda ya kazi hii ni basi lililofika salama na mnada uliofungwa jioni bila mtu kukimbia. Hayo hayapigiki picha vizuri, lakini ndiyo tunayoyatafuta.

Ndugu wajumbe, kabla ya toleo lijalo la jarida hili tunaomba kila kamati ituandikie mambo mawili tu: kwamba imeteua watu wake 3, bila kututumia majina yao, na kwamba imekwenda kumsalimu mkuu wa kituo cha polisi kilicho karibu na kuuliza hali ya askari wake. Tukianza kwa salamu hiyo, siku ya taabu hatutakuwa wageni.

Mungu awabariki, awalinde nyumbani na njiani.