Kuku wa Kochini Anataka Sakafu Kavu na Majirani Wanaochanja

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafugaji wa Kibera na Kawangware

 

Mimi si daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuuliza wanaojua, kisha kuwaletea majibu kwa lugha tunayoelewana. Swali la leo ni hili: yule kuku mnene mwenye manyoya hadi kwenye vidole, anayeitwa Kochini, anaweza kufugwa ndani ya ploti ya Kibera au Kawangware? Anaweza, kwa masharti mawili. Miguu yake ikae pakavu, na kuku wa majirani wachanjwe pamoja naye. Ukikosa moja kati ya haya, pesa zako ziweke kwa kitu kingine.

Huyu kuku asili yake ni China. Alifika Uingereza miaka ya 1840, Malkia Victoria akawa miongoni mwa waliomfuga, na watu wa huko na wa Marekani wakashikwa na wazimu wa kuku. Bei ikapanda kupita kiasi, kisha baada ya miaka michache ikaporomoka na wengi wakabaki na mabanda yaliyojaa. Nalitaja hilo kwa sababu kuku wa mapambo huuzwa kwa urembo, na urembo ni kama fasheni ya nguo pale Toi. Mtu akikwambia utatajirika kwa kuuza vifaranga vya Kochini, muulize nani atavinunua mwaka ujao.

Faida yake nyingine haizungumzwi sana. Kochini hupenda kulalia mayai. Kuku wa kienyeji walioboreshwa na KALRO hutaga vizuri, lakini hamu ya kuatamia imepungua sana kwao, kwa hivyo wafugaji wengi hutegemea mashine ya kuangulia. Stima ikipotea usiku mzima, mayai yanaharibika. Kochini hana habari na stima. Mwekee mayai ya kienyeji yaliyo na mbegu, naye atayalalia siku 21 na kulea vifaranga kwa upole. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipo na thamani kwa mkazi wa kipato cha kawaida. Ila ni mzito. Kiota kiwe chini kabisa, kiwe na nyasi nyingi, na mayai yasirundikwe. Kuku wa kilo nne akishuka kwa kishindo, mayai hupasuka.

Sasa tuje kwa miguu, maana hapa ndipo Kochini wengi wanapoteseka. Mnajua mvua ya Machi hadi Mei inavyotufanya. Wakazi wa Silanga, Lindi na sehemu za Gatina hawahitaji kuelezwa matope ni nini. Kuku wa kawaida akikanyaga tope, linakauka na kudondoka. Kwa Kochini tope hung'ang'ania manyoya, likawa donge gumu kama saruji kwenye vidole. Anaanza kuchechemea, kidonda kinaingia uchafu, na mwenyewe hujui kwa sababu manyoya yameficha.

Kwa hivyo mjengee banda lililoinuliwa kutoka ardhini, au sakafu ya mbao juu ya mawe, na umwagie maranda. Mafundi wa mbao wanayo mengi. Chukua yaliyo makavu, yasiyotoka kwenye mbao zilizopakwa dawa. Yakilowa, yatoe siku hiyo hiyo. Vyombo vya maji viweke juu ya tofali ili asivimwage. Kichanja cha kulalia kiwe chini, kwa sababu Kochini si wa kuruka. Na chini ya mabati, acha upenyo wa hewa upande wa juu: huyu kuku amevaa koti mwaka mzima, na jua la saa saba likipiga mabati atahema.

Mara moja kwa wiki mshike, umgeuze, umtazame. Donge la tope usilivute. Lilainishe kwa maji ya uvuguvugu, kisha umkaushe vizuri. Manyoya ya miguu usiyang'oe, yatatoa damu. Ukiona magamba ya mguu yameinuka na kuwa na ukoko, huo ni utitiri. Paka mafuta mazito kama vaselini na urudie kila baada ya siku chache. Manyoya ya nyuma yakishika kinyesi, yapunguze kwa makasi, la sivyo nzi watataga hapo.

Sharti la pili ni chanjo, na hili huwezi kulitimiza peke yako. Ugonjwa wa kideri, ambao wengi tunauita Newcastle, hauna tiba. Unaweza kumaliza kuku wa ploti nzima kwa siku chache, wa bei ghali na wa bei rahisi. Chanjo ipo, na hutengenezwa hapa hapa nchini na KEVEVAPI. Tatizo ni kwamba chupa moja ndogo hutosha kuku mia moja au zaidi, na ikishachanganywa hutumika ndani ya muda wa saa mbili hivi. Mwenye kuku wanne anaona hasara, anaacha. Jirani naye anaacha. Halafu kideri kinapita.

Changeni. Ploti tano au sita zikubaliane siku moja, mmoja alete chupa ikiwa na barafu ndani ya thamosi, wote wachanje asubuhi hiyo, na mrudie kila baada ya miezi mitatu. Kama mnatumia ya kunywa, msichanganye na maji ya mfereji yaliyotiwa klorini, kwa sababu klorini huua chanjo. Tumieni maji safi ya mvua. Kuku aliye mgonjwa tayari asichanjwe.

Kuku akifa ghafla, tafadhali asiliwe wala asitupwe mtaroni. Mwambie afisa wa mifugo wa wadi, au mzoga ufungwe vizuri upelekwe maabara ya mifugo pale Kabete ukapasuliwe, ijulikane ni nini.

Kuhusu sheria, nitasema kwa kifupi. Tangu 2015 kaunti yetu ina Sheria ya Kuendeleza na Kudhibiti Kilimo cha Mjini. Ufugaji mjini unatambuliwa, lakini usimkere jirani. Ongea na mwenye ploti kabla ya kujenga banda. Na jogoo, kama kuta zenu ni za mabati, fikirieni mara mbili. Mayai ya mbegu yanaweza kununuliwa kwa mwenye nafasi. Samadi iache ioze wiki kadhaa kabla ya kuitia kwenye magunia ya sukumawiki, kwa sababu ikiwa mbichi huunguza mizizi.

Daktari wa mifugo yuko hapa kando yangu, na ana karatasi ya kuandikisha vikundi vya kuchanja pamoja. Mkishaandika majina, mtaje na mtaa wenu, ili ajue nani yuko karibu na nani.