Chimbeni Kwanza Mtazame

Ng'oeni mkunde mmoja shambani, mkipasue kinundu cha mzizi wake. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi. Wekundu huo ni legihemoglobini, ambayo mmea huitengeneza ili kupunguza oksijeni huru. Oksijeni ikipungua, jeni za bakteria zilizokuwa zimelala huamka, kikaundwa kimeng'enya kinachogeuza naitrojeni ya hewa kuwa chakula cha mmea. Oksijeni ikizidi, jeni hizo hunyamaza. Nasi tukimwaga mbolea nyingi ya naitrojeni, mmea wenyewe huacha kuunda vinundu. Hapo tumelipia kwa fedha kile tulichokuwa tukipewa bure. Basi, kabla ya kununua mbolea, chimbeni kwanza.