Dawa ya Kumrudishia Pumzi Aliyezidiwa na Unga



Ndugu zangu vijana, nanyi wazazi, leo sizungumzii uharamu wa unga, hilo mwalijua. Nazungumzia kijana aliyefunga mwezi mzima bila kuugusa, kisha Idi mosi akarudi maskani akajidunga kipimo chake cha zamani. Mwili umeshasahau kukihimili. Pumzi hupungua, midomo hugeuka rangi, na wenzake hukimbia kwa kuogopa polisi.

Iko dawa, yaitwa naloksoni. Huung'oa unga pale uliposhika kwenye ubongo, na pumzi hurudi kwa dakika chache. Kwa asiye na unga mwilini haifanyi kitu. Lakini nguvu zake huisha baada ya saa moja hivi, kwa hivyo hospitali ni lazima, asije akazima tena.

Tazameni jimbo la Pennsylvania, Marekani. Sheria ya 2014 iliwaruhusu jamaa na marafiki kuwa nayo, na ikamkinga na mashtaka anayeita msaada na kukaa na mgonjwa. Mwaka 2015 daktari mkuu wa jimbo, Rachel Levine, akatia sahihi karatasi moja ya dawa kwa wananchi wote: mama aingia duka la dawa, ainunua. Mwaka 2023 serikali kuu ikaruhusu ile ya kupuliza puani iuzwe bila karatasi ya daktari.

Wako wasemao tutawapa mateja kiburi. Jamani, maiti atatubu vipi?

Huku kwetu afya iko mikononi mwa kaunti. Muulizeni mwakilishi wenu wa wadi, muulizeni daktari wa kituo chenu: naloksoni iko? Nani ana ufunguo wa kabati, na usiku wa Idi atakuwa wapi?