Mzazi wa Kuasili Asiachwe Peke Yake



Wazazi wa kuasili, tumekutana katika Siku hii ya Kimataifa ya Familia. Risala yenu nimeisikiliza kwa makini, hasa pale mliposema jambo ambalo wazazi wa kuasili hulimeza: kwamba mnachoka.

Mama mmoja kati yenu ameniruhusu nilisimulie lililompata. Akitandika kitanda cha binti yake wa miaka 14, alikuta chapati zilizokauka chini ya godoro. Akamgombeza, akamwita mwizi. Binti akanuna wiki nzima. Jamani, mtoto aliyewahi kulala njaa hujiwekea akiba hata kwenye nyumba yenye shibe, na fimbo humfundisha kuficha zaidi. Mama huyu hakuwa na mtu wa kumweleza hivyo. Alichoambulia kwa mawifi ni, "Tulikwambia, hiyo ni damu ya watu."

Maneno hayo yanabomoa nyumba kuliko ukaidi wowote wa mtoto. Ubalehe ni mgumu kwa kila kijana. Huyu wetu unamjia na swali la ziada: mimi ni wa nani? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mzazi aliyeasili kazi ya kumweleza mtoto ukweli kwamba ameasiliwa, kwa kuzingatia umri na maslahi yake. Kazi hiyo si ya jirani, wala ya shangazi mwenye hasira. Nanyi wazazi, msingoje mtoto aikute hati ya kuasiliwa ya Mahakama Kuu siku anatafuta vyeti vya shule.

Maofisa ustawi, kabla ya amri ya kuasili kutolewa mlikwenda nyumbani kwa wazazi hawa, mkakagua, mkaandika taarifa. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, rudini tena, safari hii kusikiliza. Na halmashauri iwatafutie wazazi hawa chumba cha kukutania kila mwezi; hilo halihitaji bajeti kubwa.

Wazazi, usiku ukiwa mrefu, pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto. Ni bure. Ndugu na mawifi mliomo humu, mkienda kwa wazazi hawa Jumapili hii, mchukueni kijana mkashinde naye, mama apumzike.

Baada ya kusema hayo, natamka rasmi kwamba maadhimisho yetu yamefunguliwa.