Elimu ya Mahali katika Vyuo Vikuu Vyetu: Mada juu ya Mafunzo ya Upimaji na Mifumo ya Taarifa za Kijiografia



Nimepewa heshima ya kusema juu ya namna elimu ya mahali inavyosomwa katika vyuo vikuu vyetu, nami naipokea kwa shukrani, hasa kwa kuwa miongoni mwa walioketi hapa wamo wazee waliopima ardhi ya nchi hii kwa mnyororo na teodolaiti, wakilala mahemani na kupanda milima kwa miguu ili kusimamisha nguzo ambazo hata leo tunazitegemea. Kwa elimu ya mahali nakusudia jamii yote ya taaluma zinazouliza kitu kiko wapi, kina ukubwa gani, kimepakana na nini, na kwa sababu gani kiko pale wala si kwingine: upimaji, uchoraji wa ramani, usomaji wa picha za angani na za setilaiti, na ile mifumo ya taarifa za kijiografia iliyowezesha ramani nyingi kuwekwa pamoja ndani ya kompyuta na kuulizwa maswali. Hoja yangu ni moja, nayo naitaja mapema ili msikilizaji asitaabike kuitafuta: kijana anayefundishwa programu kabla ya kufundishwa vipimo, na anayefundishwa vipimo pasipo kupelekwa kwa watu wa mahali panapopimwa, atahitimu akiwa fundi hodari wa ramani zisizo za kweli.

Elimu hii si ngeni kwa watu wa pwani, wala haikuja pamoja na kompyuta. Yapata mwaka 1025 mwanachuoni Abu Rayhan al-Biruni aliandika kitabu kizima juu ya kuzijua kwa hesabu nafasi za miji duniani, na miongoni mwa makusudio yake ilikuwa kuupata kwa yakini mwelekeo wa kibla kwa watu wa mji wa Ghazna. Haja hiyo hiyo ilikuwapo katika kila mji wa Waislamu uliojengwa toka Lamu hata Kilwa. Mwanafunzi wa leo akitazama longitudo ya Makka na ile ya Mombasa ataona kwamba zinakaribiana mno, zote zikiwa karibu na nyuzi 40 mashariki, na kwa ajili hiyo kibla cha Mombasa ni kaskazini karibu sawasawa, hali mtu wa Kigoma hana budi kugeuka kidogo kuelekea mashariki. Napenda mfano huu kwa sababu unamfundisha kijana, tena kwa jambo ambalo wengi hulitenda mara tano kila siku, kwamba mwelekeo ni hesabu, na kwamba hesabu hiyo ina uzito katika maisha ya watu.

Ule mfumo wa kompyuta wenyewe pia una nasaba na nchi zetu, jambo ambalo vitabu vya kufundishia hulipita upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Roger Tomlinson, Mwingereza aliyehamia Kanada, alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ottawa iitwayo Spartan Air Services, na kampuni hiyo ilitakiwa kutafuta nchini Kenya mahali panapofaa kupandwa msitu wa miti kwa matumizi ya kiwanda. Ilipasa kuangalia kwa pamoja mteremko wa ardhi, udongo, hali ya hewa, barabara na mengineyo, kila moja likiwa na ramani yake, na kuzipandanisha ramani hizo kwa mikono ya wachoraji kungaligharimu fedha nyingi hata kazi ikaonekana haiwezekani. Tomlinson akashika fikira kwamba mashine ya hesabu yaweza kufanya kazi ile, na fikira hiyo ndiyo iliyozaa, miaka michache baadaye, mfumo wa taarifa za kijiografia wa Kanada, unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa namna yake duniani. Tanbihi ndogo: Tomlinson hakuanza na mashine kisha akaitafutia kazi, bali alianza na swali la ardhi halisi, lenye udongo wake na mvua yake, na mashine ikaja kulihudumia swali.

Sasa nije kwenye darasa la leo. Upimaji ulianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 1956, katika shule ya wapima iliyokua ikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1972, ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, hata mwaka 2007 ikasimama peke yake kuwa Chuo Kikuu Ardhi. Katika muda huo vyombo vimebadilika mara nyingi, na mabadiliko hayo ni neema. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa mwaka 1972. Picha zake, zilizokuwa zikiuzwa kwa bei isiyofikika na idara zetu, zilitolewa bure kuanzia mwaka 2008. Na Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hutoa bila malipo picha zinazopambanua kipande cha ardhi chenye upande wa mita 10. Programu ya QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, haina ada. Mwanafunzi mwenye kompyuta ya mkononi na bando la intaneti anaweza leo kufanya kazi ambayo zamani ilihitaji idara nzima ya serikali. Lakini wepesi huo umeleta mtihani wake, nao ni kwamba programu haimkatalii mtu kosa. Itachora mpaka ulio sahihi na mpaka ulio batili kwa rangi zile zile na kwa unadhifu ule ule.

Nitaeleza mtihani mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ndani yake mna karibu kila jambo ninalotaka kusema. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda za kipimo cha 1 kwa 50,000, ambazo bado ni hazina kubwa ya majina ya mito, vilima na vijiji, zilijengwa juu ya marejeo ya vipimo yaitwayo Arc 1960. Marejeo hayo yalitokana na safu ndefu ya pembetatu iliyopimwa kufuata longitudo ya nyuzi 30 mashariki, toka Afrika Kusini hata Misri, kazi iliyohimizwa na Sir David Gill mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na ambayo kiungo chake cha mwisho kilipimwa mwaka 1954. Simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi, kwa upande wake, hupokea mahali pake kutoka setilaiti na kupataja kwa marejeo ya WGS 84, ambayo umbo lake la dunia si lile lile, wala kitovu chake si kile kile. Tofauti baina ya marejeo haya mawili katika nchi yetu ni yapata mita 300, nyingi yake ikiwa ya kaskazini na kusini. Juu ya karatasi ya 1 kwa 50,000 mita 300 ni milimita 6 tu, upana ambao kidole huufunika. Lakini juu ya ardhi ni umbali wa kutosha kuuvusha msikiti ng'ambo ya mto, na kumwondoa mjane katika shamba alilorithi.

Juu ya hayo, gridi ya mita tunayoitumia hugawa dunia katika kanda za nyuzi sita sita, na Tanzania imeangukia katika kanda tatu. Dar es Salaam iko kanda ya 37. Dodoma, kwa kuwa iko magharibi kidogo ya nyuzi 36, iko kanda ya 36. Na Kigoma iko ya 35. Mwanafunzi anayechukua namba za Dodoma na kuziingiza katika kazi iliyopangwa kwa kanda ya Dar es Salaam, pasipo kuiambia programu asili yake, atauona mji mkuu umehamia Bahari ya Hindi. Kosa la namna hiyo huonekana upesi na kurekebishwa. Lile la mita 300 ndilo la hatari, maana ramani hubaki na sura ya haki, barabara ziko, mito iko, na hakuna anayeshituka mpaka siku jiwe la mpaka linapochimbiwa katika uwanja wa jirani. Ndiyo sababu nashikilia kwamba hesabu za umbo la dunia, ambazo wanafunzi huzikimbia na baadhi ya programu za masomo zimeanza kuzipunguza ili kupisha masomo yanayodhaniwa kuwa ya kisasa zaidi, zirudishwe mbele, na zifundishwe kwa saa nyingi na kwa mifano ya nchi hii.

Jambo la pili ni kwenda nyanjani. Chukua mikoko ya delta ya Rufiji, msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya pwani ya Tanzania. Setilaiti huuona vizuri, na kwa kulinganisha picha za miaka mbalimbali mtu anaweza kuhesabu hekta zilizokatwa na hekta zilizogeuzwa kuwa mashamba ya mpunga. Hata hivyo katika mwaka mzima siku zenye mbingu safi juu ya delta ni chache, na kijani kinachoonekana pichani hakijitaji jina. Mkata boriti wa Rufiji anajua kupambanua mkoko na msinzi, mkandaa na mchu, mililana na mkomafi. Anajua upi hupenda ukingo wa maji ya chumvi na upi hukaa nyuma mahali panapofikiwa na bamvua peke yake. Kijana aliyekaa katika mtumbwi pamoja na mtu huyo, akiandika katika daftari lake mti gani uko wapi, ndiye anayeweza kuifundisha kompyuta kuisoma picha. Yule aliyeketi maabara tangu mwanzo hata mwisho atatoa ramani yenye madaraja mazuri ya rangi, na asilimia ya usahihi aliyoipata kwa kujipima mwenyewe kwa mizani yake mwenyewe.

Tumekwisha kuona kwa macho yetu matunda ya elimu hii inapoteremka mitaani. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ililijaza bonde la Mto Msimbazi mjini Dar es Salaam. Watu wapatao 40 walipoteza maisha, na kaya nyingi zilihamishiwa Mabwepande. Maeneo mengi yaliyozama yalikuwa hayana ramani yenye maana: nyumba zilikuwapo, mitaro ilikuwapo, vichochoro vilikuwapo, ila si katika karatasi ya ofisi yoyote. Mwaka 2015 kazi iliyoitwa Ramani Huria ikawatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikawaunganisha na wenyeji wa kata zinazopatwa na mafuriko, wakapita mtaa kwa mtaa wakiandika majengo, mitaro, madaraja na njia, na kuyaweka yote katika ramani huria ya dunia, OpenStreetMap, ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Waliwauliza wakazi maji yalifika wapi. Baadaye walizunguka na wajumbe wa mashina kuichora mipaka ya mashina yenyewe, mipaka iliyokuwa ikiishi katika kumbukumbu za wajumbe hao. Mimi nathubutu kusema kwamba mwanafunzi aliyeshinda Tandale au Kigogo akipima kina cha mtaro pamoja na mwenyeji amejifunza zaidi ya aliyekamilisha mazoezi ya muhula mzima kwa takwimu za mji wa ng'ambo ambazo zimesafishwa tayari.

Kwa upande wa vijiji nitasema machache, kwa kuwa wenzangu wanasheria wameandaa mada yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imempa mwanakijiji njia ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo haipatikani pasipo mipaka kujulikana na majirani kukiri. Kifaa chaweza kutoa namba kwa usahihi wa sentimita. Kukiri kwa majirani hakupimwi kwa sentimita, na mhitimu asiyejua kuketi barazani, kuamkia, kusikiliza mzozo wa miaka mingi bila kuegemea upande, na kueleza kwa Kiswahili fasaha alichokipima, hatafika mbali katika kazi hii hata awe bingwa wa programu zote.

Basi nayaleta mbele ya semina hii maombi yangu. Kwanza, asipewe shahada mwanafunzi ye yote wa fani hizi ambaye hajabadilisha kwa hesabu ya mkono wake, walau mara moja, nukta kutoka Arc 1960 kwenda WGS 84, na kuithibitisha kwa kusimama juu ya nguzo yenyewe. Pili, idara za upimaji, jiografia na kompyuta ziache kufungiana milango. Ziwe na kambi moja ya nyanjani kila mwaka, katika wilaya moja, kwa tatizo moja la wananchi wa pale. Tatu, kila tasnifu iwekwe katika maktaba pamoja na takwimu zake, zikiwa zimeandikwa tarehe, chombo kilichotumika na marejeo ya vipimo, maana ramani nyingi nzuri zimekufa na waliozichora kwa kukosa maelezo ya mistari mitatu. Nne, nakala ya ramani irudishwe katika ofisi ya mtaa au ya kijiji kilichopimwa, imeandikwa kwa Kiswahili, na mwanafunzi mwenyewe aende kuieleza. Wakuu wa idara mlioko hapa mnayo mamlaka ya kuyaingiza haya katika mitaala mnayoipitia mwaka huu, nami nawaomba, kabla hatujaachana jioni hii, tukubaliane ni idara zipi zitakazoanza na kambi ya kwanza itapigwa wilaya gani.