Kuhesabu Gharama ya Sabuni

Somo: Luka 14:28–30

Wengine mnatusikiliza mkinywa chai, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine, twajua, mikono imo ndani ya karai la nguo. Leo twataka kusema hasa na hao wa karai.

Katika somo letu Bwana Yesu anataja mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuweka jiwe la kwanza, mtu huyo huketi chini na kupiga hesabu, aone kama anazo mali za kumalizia. Asipofanya hivyo, msingi utabaki peke yake na wapita njia watamcheka. Bwana alikuwa akifundisha juu ya gharama ya kumfuata. Lakini angalieni mfano aliouchagua: ni hesabu ya pesa. Hakuona haya kutaja habari za mfuko mbele ya watu, nasi tusione haya.

Mfuko wa nyumba nyingi huvuja mahali padogo. Karo na kodi twazijua, maana huja kwa kishindo. Sabuni huja kimya kimya. Leo kipande, kesho kutwa kipande kingine. Nyumba yenye watoto watatu wa shule na mtoto mchanga wa nepi haiwezi kukaa siku mbili bila kufua. Mwisho wa mwezi pesa zimekwisha, wala mama hajui zimepita wapi. Ndiyo maana katika vikundi vingi vya akina mama makanisani huulizwa swali hili: Je, si afadhali tujitengenezee sabuni wenyewe?

Jibu letu ni kwamba yawezekana, na wengi wanafanya. Lakini keti kwanza, uhesabu.

Kwanza tujue sabuni ni nini. Sabuni hutoka kwa vitu viwili ambavyo kila kimoja peke yake ni adui. Mafuta yakidondoka juu ya shati huacha doa. Kostiki soda ikidondoka mkononi huunguza ngozi. Lakini vikikutana katika maji kwa kipimo kilicho sawa, kila kimoja huacha ukali wake na uchafu wake, navyo vyote viwili hugeuka kuwa kitu kipya chenye kusafisha. Siri yote imo katika neno hilo moja: kipimo.

Chukua kilo moja ya mafuta ya ng'ombe, yale ambayo mara nyingi mwenye bucha huyauza kwa bei ndogo. Yayeyushe kwa moto mdogo, uyachuje kwa kitambaa. Kwa kilo hiyo moja utahitaji gramu 130 za kostiki soda na gramu 350 za maji, ambazo ni kama theluthi moja ya lita na kidogo zaidi. Yote yapimwe kwa mizani. Usipime kostiki kwa kijiko wala kwa kikombe, wala usikisie kwa macho. Ikizidi, sabuni itakula mikono. Ikipungua mno, nguo zitatoka na mafuta. Na ninyi wa pwani mnaotumia mafuta ya nazi, kipimo chenu ni kingine: kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji kama gramu 170 za kostiki. Kila mafuta yana hesabu yake, wala huwezi kuchukua kipimo cha jirani bila kuuliza anatumia mafuta gani.

Kazi hii ifanyiwe nje, penye hewa, na watoto wawe mbali. Vaa glavu za mpira, miwani ya kukinga macho na nguo ya mikono mirefu. Mimina kostiki ndani ya maji baridi, polepole, ukikoroga kwa mti. Usimimine maji juu ya kostiki kamwe, maana yaweza kuchemka kwa ghafula na kukurukia usoni. Tena usitumie sufuria ya alumini. Kostiki huila alumini na kutoa hewa inayoweza kushika moto. Tumia ndoo ya plastiki iliyo imara, nayo isirudi tena jikoni.

Maji hayo yatapata moto yenyewe bila kuni. Yaache yapoe mpaka yawe vuguvugu, na mafuta nayo yawe vuguvugu. Kisha mimina maji ya kostiki ndani ya mafuta kidogo kidogo, ukikoroga bila kuchoka mpaka yawe mazito kama uji. Mimina katika sanduku la mbao lililotandikwa karatasi ya nailoni, ulifunike kwa gunia. Baada ya siku moja au mbili, ukiwa bado na glavu, kata vipande kwa waya na uvipange kivulini penye upepo.

Hapo ndipo wengi hushindwa. Sabuni inaonekana sabuni. Ni ngumu, inatoa povu, na karai limejaa nguo. Lakini bado haijakomaa. Iache wiki 4, na ikiwa msimu ni wa mvua uiache hata 6. Katika siku hizo ukali unaobaki hupungua, maji hukauka, na kipande huwa kigumu, hata kisiishe haraka ndani ya maji. Anayeitumia kabla ya wakati atapata mikono iliyopasuka na sabuni inayoyeyuka kama ugali wa jana. Alikuwa na haraka ya kuokoa pesa, naye amezipoteza.

Basi, hesabu yetu iwe kamili. Andika bei ya mafuta, bei ya kostiki, kuni au makaa, na nauli ya kwenda mjini kununua. Gawanya kwa idadi ya vipande ulivyopata, kisha ulinganishe na bei ya dukani, ukiangalia uzito wa kipande pia. Huenda ukakuta kwamba nyumba moja peke yake haipati faida kubwa, lakini nyumba kumi zikinunua pamoja zapata. Na ukikuta hakuna faida kabisa, usione aibu kuacha. Aliyehesabu akaacha ana hekima kuliko aliyeanza bila kuhesabu.

Tena kuna akiba ambayo haihitaji kostiki hata kidogo. Mahali pengi petu maji ya visima ni magumu, na sabuni nyingi huishia kupigana na maji kabla haijafika kwenye nguo. Utaiona ikiganda juu kama utando mweupe. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya kufulia, maana hayo ni laini. Au weka magadi kidogo katika maji ya kisima, yaache yatulie, ndipo utie sabuni. Magadi hayo hutoka katika ardhi yetu, katika Ziwa Magadi kule Kajiado, ambako kampuni ya kuyavuna iliundwa mwaka 1911. Na nguo zilizolowekwa nusu saa huhitaji sabuni kidogo kuliko zilizosuguliwa zikiwa kavu na uchafu wake.

Lakini, ndugu na dada, iko gharama moja isiyoandikwa katika daftari la duka. Kostiki soda hufanana na sukari au chumvi, na ikiyeyushwa hufanana na maji safi. Mtoto akiinywa, hata funda moja, huunguza koo na tumbo, na wengine hubaki na madhara hayo maisha yao yote. Kwa hiyo usiiweke kamwe katika chupa ya soda wala katika mkebe wa chakula. Iweke katika chombo chake chenye maandishi, ifungiwe kwa kufuli, mahali pa juu. Ikimwagika juu ya ngozi au jichoni, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda hospitali. Mtoto akimeza, usimtapishe, maana itaunguza mara ya pili ikirudi. Mpeleke hospitali upesi. Kama nyumba yako ni chumba kimoja na huna pa kufungia, basi hesabu imekwisha: sabuni yako ipikwe kwa kikundi, mahali pengine. Hakuna akiba yenye thamani ya koo la mtoto.

Na wale watakaouza, wakumbuke Mithali 11, mstari wa kwanza, ambapo mizani ya hila inatajwa kuwa chukizo mbele za Bwana. Kumwuzia jirani sabuni ya wiki moja ukimwambia ni ya mwezi ni mizani ya hila. Yeye ndiye atakayefua nayo. Yeye ndiye atakayeuguza vidole. Labda ni mama anayefulia watu nguo ili apate unga wa jioni, na mikono yake ndiyo shamba lake.

Sasa akiba imepatikana. Ni ya nini? Katika kitabu cha pili cha Wafalme, mlango wa 4, twasoma habari za mjane mwenye deni, aliyekuwa na chupa ya mafuta tu. Mungu alipoyazidisha, nabii Elisha alimpangia matumizi: auze, alipe deni, na kinachobaki yeye na wanawe wakitumie kuishi. Baraka ilipewa kazi siku ile ile. Nasi tufanye vivyo hivyo. Shilingi zilizookolewa katika sabuni zisirudishwe katika mfuko ule ule unaovuja. Zipewe jina: hizi ni za daftari la shule, hizi ni za deni la dukani, hizi ni za mgonjwa wa jirani. Pesa isiyo na jina huondoka bila kuaga.

Nabii Yeremia, katika mlango wa 2, anataja magadi na sabuni, naye asema kwamba kuna doa ambalo hivyo haviwezi kuliondoa. Hilo twamwachia Yeye aliye na uwezo. Lakini yale aliyotuachia mikononi mwetu, yaani kupima kwa haki, kungoja bila haraka, na kumlinda aliye mdogo, hayo tuyafanye.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wajua mfuko wa kila nyumba na mikono ya kila mama. Utufundishe kuhesabu kabla ya kuanza, na kungoja baada ya kuanza. Uwalinde watoto wetu. Kidogo tunachookoa, utuonyeshe ni cha nani. Kwa jina la Yesu Kristo, Mwokozi wetu. Amina.

Mungu awabariki, mpaka tutakapokutana tena.